Mutesa wa Kwanza: Kabaka aliyehesabu kete huku pembe za uganga zikiwa mkononi

Mfanyabiashara yeyote anayefuata mzigo Kampala, awe ameingilia Mutukula, Busia, Malaba au Katuna, hawezi kusema haijui Wandegeya. Ni mtaa uliobanwa kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, mtaa wa soko, wa kuku wa kuchoma na wa roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai ndani yake. Waganda husema jina lenyewe limetokana na endegeya, ndege wale wanaofuma viota vyao matawini kwa makelele mengi. Ndege wamepungua lakini makelele yapo, na sehemu kubwa ya makelele hayo hutoka kwenye mbao za michezo.

Ukipita vichochoroni mchana, saa ambazo wateja ni haba, utakuta vijana wa bodaboda wameuzunguka ubao wa ludo, na pembeni wazee wameinamia omweso. Mimi hupenda kusimama nitazame. Kinachonivuta si mchezo peke yake bali imani zinazouzunguka. Yupo anayepuliza dadu kabla ya kuitupa. Yupo anayekataa kukalia kigoda cha mtu aliyetoka kushindwa. Yupo ambaye hataki jirani fulani asimame nyuma yake, akiamini kwamba mtu huyo ana ekisirani. Neno hilo, msomaji, ni kisirani chetu, limevuka mpaka bila kulipa ushuru.

Sisi wafanyabiashara hatuna haki ya kuwacheka. Ni wangapi kati yetu ambao noti ya mteja wa kwanza wa siku huigusisha kwenye paji la uso kabla ya kuitia mfukoni? Ni wangapi hawatoi mkopo asubuhi kabla hawajauza kitu, kwa kuogopa kufungua siku kwa mkosi?

Ludo naielewa. Ludo ina dadu, na dadu haimheshimu mzee wala mtoto. Omweso ndio unaonishangaza. Ubao wake una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na mbegu 64 ziitwazo mpiki, kila mchezaji akianza na 32. Ni ndugu wa damu wa bao letu la pwani. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila mbegu iko mbele ya macho ya wote. Hata hivyo, wanaoucheza huzungumzia bahati kuliko wanaotupa dadu.

Nilipotazama kwa muda ndipo nikaanza kuelewa. Katika omweso, mbegu ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye mbegu nyingine, unazizoa zote na kuendelea kupanda, na mkono mmoja unaweza kuuzunguka ubao mara kadhaa kabla haujakomea kwenye shimo tupu. Mchezaji hodari huona mizunguko miwili au mitatu mbele. Baada ya hapo hesabu humchoka, na hesabu ikichoka bahati hupata nafasi ya kuingia.

Kila ninapotafakari jambo hilo humkumbuka Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kaburi lake liko Kasubi, si mbali na hapo: unafuata barabara ya Makerere, unapita Nakulabye, na baada ya muda mfupi umefika. Kwa ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ugeni, na kwa watoto wao waliozaliwa huko na kulisikia jina hilo kwa mbali tu, nimeona si vibaya tukakumbushana maisha yake.

Mwana aliyechaguliwa

Alizaliwa karibu na mwaka 1838, akapewa jina Mukaabya, jina lenye maana ya anayewaliza watu. Baba yake alikuwa Kabaka Suna wa Pili, na mama yake Muganzirwazza wa ukoo wa Tembo. Katika Buganda ya wakati ule hapakuwa na mrithi aliyejulikana tangu utotoni. Wana wa mfalme walikuwa wengi, na mfalme akifa wakubwa wa nchi, wakiongozwa na Katikiro, walimchagua mmoja wao.

Suna alikufa kwa ndui mwaka 1856 akirejea kutoka vitani. Inasimuliwa kwamba moyo wake ulikuwa kwa mwanawe mwingine, Kajumba, kijana mwenye nguvu na misuli. Katikiro Kayiira aliona vingine. Akampita yule mwenye nguvu na kumchukua Mukaabya, kijana mwembamba asiye na kundi kubwa nyuma yake, huenda akidhani kwamba mtu wa namna hiyo ataongozeka kwa urahisi.

Hiyo ndiyo bahati ya kwanza katika maisha ya mtu huyu, na pengine ndiyo bahati tupu pekee aliyowahi kuipata. Hakupigania kiti, alikalishwa. Lakini waliomkalisha walikosea hesabu. Miaka ya mwanzo ya utawala wake ilijaa damu, na wakubwa walijifunza haraka kwamba kijana mwembamba hakuwa mtu wa kuongozwa. Baadaye akawa anajulikana zaidi kwa jina la Mutesa, linalotokana na neno la Kiganda lenye maana ya kushauriana na kupanga. Kutoka anayewaliza watu hadi anayepanga mambo: ndani ya majina hayo mawili umo utawala wake wote, kwani la pili halikulifuta la kwanza.

Pembe za mwezi mwandamo

Tarehe 19 Februari 1862 alifika kwake Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Speke alikaa hapo zaidi ya miezi minne. Hakuondoka alipotaka, aliondoka aliporuhusiwa. Wafanyabiashara wanaokaa mpakani wakisubiri karatasi kupigwa muhuri watamwelewa vizuri.

Katika maandishi yake Speke alieleza jinsi Kabaka alivyokuwa, kila mwezi ulipoandama, akijitenga kwa siku mbili tatu na kuzipanga pembe zake za uganga, pembe za wanyama zilizojazwa unga wa dawa. Waganga walikuwa kila mahali katika jumba lake. Alieleza pia tukio ambalo hadi leo linachefua: Mutesa alipopewa bunduki alimkabidhi mtumishi kijana aende nje akampige mtu risasi, ili ajue kama inafanya kazi. Kijana akarudi akitabasamu. Aliyeuawa ni nani, hakuna aliyeuliza.

Naomba msomaji asilipite jambo hilo haraka. Tunapozungumzia bahati ya mfalme tukumbuke kwamba kulikuwa na watu wengine ambao bahati yao ilikuwa kutopita njia ile siku ile.

Wageni na kete zao

Uhusiano wa Buganda na pwani ulikuwa umeanza kabla yake. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Suna kupitia Karagwe, njia ambayo haiko mbali na ile wanayopita leo watu wetu wa Mutukula. Misafara ilileta nguo, bunduki, baruti na kauri, ikarudi na pembe za ndovu pamoja na watumwa. Kauri hizo, ambazo sisi huziita kete kama tunavyoziita kete za bao, Waganda waliziita ensimbi, na hadi leo ensimbi kwa Kiganda ni fedha. Kwa hiyo kila anayeuza Wandegeya kwa shilingi za Uganda anataja kauri za pwani bila kujua.

Mutesa alijifunza Kiswahili, akajifunza na herufi za Kiarabu. Kuanzia mwaka 1867 hivi alishika dini ya Kiislamu, akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi na kuamuru watu wake nao wafunge. Jambo moja tu alilikataa: kutahiriwa. Mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika, na mila hiyo aliiogopa kuliko walimu wake wote.

Kufikia miaka ya 1870 ubao wake ulikuwa umejaa wachezaji. Kutoka kaskazini Khedive Ismail wa Misri alikuwa akisukuma mpaka wake kuelekea maziwa makuu, akimtumia Mwingereza Charles Gordon. Kutoka mashariki walikuwapo watu wa Zanzibar na Sultani wao Barghash. Aprili 1875 akafika Henry Morton Stanley, na mwezi huohuo akakutana hapo na Mfaransa Linant de Bellefonds, aliyetumwa na Gordon. Wazungu wawili wasiotarajiana walikutana kwa mshangao katika baraza la Mwafrika ambaye hakushangaa.

Stanley alimwachia Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, awe msomaji na mwalimu wake. Maneno ya Biblia yalisomwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwenye mbao nyembamba. Ndivyo lugha hii unayoisoma sasa ilivyoingia katika jumba la Kabaka: kwanza pamoja na Kurani na bidhaa, kisha pamoja na Injili. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ilichapishwa London, katika gazeti la Daily Telegraph, Novemba 1875.

Je, Mutesa alikuwa ameongoka? Wengi wameandika juu ya swali hilo. Mimi naona jibu liko kwenye hesabu. Wamisri walikuwa wanakaribia wakiwa na bunduki na jina la Uislamu. Waingereza walikuwa mbali, nao wangeweza kuwazuia. Mchezaji wa omweso hupanda mbegu zake kuelekea upande mmoja, lakini kuna mashimo machache anayoruhusiwa kuanzia na kurudi kinyume, kwa sharti kwamba mkono huo utakula mbegu za mwenzake papo hapo. Mutesa alirudi kinyume, na akala.

Mwaka 1876 Gordon alimpeleka kwake Nur Aga akiwa na askari wapatao 160 ili waweke kambi ya Misri katikati ya Buganda. Mutesa hakupigana nao. Aliwakaribisha mjini kwake, akawazungushia watu wake, na askari wale wakajikuta ni wageni wasioweza kutoka wala kupata chakula bila idhini yake. Hatimaye Gordon alilazimika kumtuma daktari wake, Emin, kuwaombea ruhusa ya kuondoka. Misri haikuitawala Buganda. Kule pwani mkono unaokula kete za mwenzako katika bao huitwa mtaji, neno lilelile tunaloita fedha ya kuanzia biashara. Huo ulikuwa mtaji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuucheza.

Waliolipa gharama

Lakini mwaka huohuo wa 1876 ulikuwa na upande mwingine. Kulikuwa na vijana wa jumba la Kabaka ambao Uislamu kwao haukuwa mbinu. Walimsadiki Mungu kweli. Walimu waliotoka kaskazini walikuwa wamewaeleza kwamba nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa si halali, nao wakakataa kula nyama ya mfalme. Mutesa aliliona hilo kuwa uasi. Makumi yao waliuawa Namugongo, mahali ambapo miaka kumi baadaye, chini ya mwanawe Mwanga, wangechomwa pia Wakristo. Watu wengi wanaoenda Namugongo kila tarehe 3 Juni hawajui kwamba Waislamu walitangulia kufa hapo.

Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika tarehe 30 Juni 1877. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, aliwasili mwaka 1878. Februari 1879 wakafika Mapadri Weupe wa Kifaransa, wakiongozwa na Lourdel. Kuanzia hapo Mutesa aliketi katikati huku Mackay na Lourdel wakishindana mbele yake kuhusu nani anayemwabudu Mungu kwa njia iliyo sahihi, na Waarabu wakisema wote wawili ni waongo. Aliwasikiliza wote. Hakuna aliyembatiza, hakuna aliyemtahiri. Alichohitaji zaidi kutoka kwa Mackay ni ufundi wake, na Mackay ndiye aliyetengeneza jeneza kubwa mno la mama yake, Muganzirwazza, alipofariki mwaka 1882.

Mwaka 1879 Mutesa alituma wajumbe watatu Uingereza. Mwaka 1880 walionana na Malkia Victoria, na mwaka 1881 wakarudi wakiwa wameona treni, meli na viwanda. Hao ndio waliorejea wa kwanza wa Buganda, kama tutatumia neno la leo. Walirudi wakajua jambo ambalo mfalme wao alilijua kwa kukisia tu: kwamba ubao ulikuwa mkubwa kuliko alivyoweza kuuona akiwa Rubaga.

Hesabu ilipochoka

Wakati huo Mutesa alikuwa mgonjwa. Maradhi yalimshika kwa miaka, dawa za Wazungu hazikumponya, na dua za kila upande hazikumponya. Mwishoni mwa mwaka 1879 akaletwa kwake, kwa mtumbwi na kwa shangwe, mtu aliyepandwa na Mukasa, lubaale wa ziwa Nyanza, ili amtibu. Mackay alipinga hadharani. Desemba hiyo mfalme na wakubwa wake wakatangaza kwamba wanarudi kwenye dini ya wazee wao.

Ikaja pia kiwendo. Watu waliokuwa wakipita njiani walikamatwa bila kosa na kuuawa, ili mfalme apone. Mwenye kwenda sokoni alishikwa, mwenye kutoka shamba alishikwa. Mfalme hakupona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Mutesa kuwa mtu wa bahati, na vilevile na wale wanaomdharau kuwa mshirikina tu. Katika mambo aliyoweza kuyahesabu, yaani Misri, Zanzibar, Uingereza na Ufaransa, alihesabu. Pembe zake zilikuwapo, lakini hazikumwamulia. Alipofika mahali asipoweza kuhesabu, ndani ya mwili wake mwenyewe, alitafuta bahati kwa gharama yoyote, na gharama ikalipwa na watu wengine. Mchezaji wa Wandegeya anayenunua hirizi ili dadu imwangukie sita hupoteza elfu zake kadhaa. Mfanyabiashara anayempelekea mganga mtaji wa mzigo mzima huwapotezea watoto wake karo. Kwa Mutesa wapita njia walipoteza uhai. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ubao.

Waganda wenyewe wana mila inayolisema jambo hili vizuri. Miongoni mwa mambo yanayofanywa Kabaka mpya anapotawazwa Buddo mna omweso, na maana yake ni kwamba mwenye kutawala atumie akili. Ni mchezo usio na dadu waliouchagua.

Taya lililobaki

Mutesa alifariki Oktoba 1884 katika jumba lake la Kasubi, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Alitawala miaka 28. Mwanawe Mwanga akarithi ubao uliojaa kete za wageni, bila uvumilivu wa baba yake.

Kabla ya hapo mila ya Buganda ilikuwa kwamba Kabaka akifa, taya lake la chini hutenganishwa na mwili. Mwili ulizikwa mahali pamoja, na taya likahifadhiwa penginepo katika jumba lake maalumu, kwa kuwa humo ndimo roho ya mfalme iliaminika kukaa na kunena. Mutesa ndiye Kabaka wa kwanza aliyezikwa mzima mzima, taya likiwa mahali pake, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu aliyeishi na pembe, Kurani, Biblia na Mukasa kwa pamoja ndiye ambaye kwake mila hiyo kongwe ilikoma. Baada yake Mwanga, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili nao walizikwa hapohapo.

Makaburi ya Kasubi yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto, na yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuijenga upya kwa nyasi, matete na magome ilichukua miaka mingi, na Septemba 2023 UNESCO iliyaondoa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Mila hapo inasema Kabaka hafi. Amekwenda tu msituni, nyuma ya pazia la nguo za magome. Mgeni huvua viatu mlangoni na kuketi chini kwenye mikeka. Kwa anayelala Kampala akisubiri gari lake lipakiwe, ni safari ya nusu siku, kwenda na kurudi.